Vidato Sabini na Viwili vya St Leonard's

Hamilton, Ontario
14 Novemba 1993

Mjomba Wattie,

Natumai barua hii inakukuta mzima na lile jiko lako la gesi halijakulipukia. Sisi huku hatujambo. Theluji imeanza, Gordon analalamikia mgongo, na binti yetu Kirsty amefaulu mtihani wa kuendesha gari mara ya nne, kwa hiyo mtaa mzima tunatembea kwa tahadhari. Jumapili tulikwenda kaburini kwa mama. Bado siamini kwamba ni miaka miwili sasa.

Nina habari mbili. Ya kwanza ni njema: nakuja. Nimepata likizo ya wiki mbili, mwisho wa Aprili. Nilipoondoka Edinburgh nilikuwa na miaka kumi na moja, na ninachokumbuka ni mvua na harufu ya viwanda vya bia. Kwa hiyo niandikie: mtu akija huko aone nini, aanzie wapi, na wapi asipoteze muda. Wewe umepandisha magunia ya makaa katika nyumba za mji ule miaka arobaini. Hakuna kitabu cha wageni kitakachokushinda.

Ya pili hutaipenda. Bi Purves wa ghorofa ya tatu ameniandikia. Anasema mwezi Oktoba ile kadi ya zamu ya kuosha ngazi, inayopitishwa mlango kwa mlango, ilining'inia kwenye kitasa cha mlango wako wiki tatu, na ngazi haikuguswa. Mjomba, wewe? Wewe uliyewahi kununiana na mtu mwaka mzima kwa sababu aliruka zamu yake? Una miaka themanini na moja na unaishi ghorofa ya nne. Nimewaandikia Whinbank, ile nyumba ya wazee yenye bustani. Wametuwekea chumba cha chini, hakina ngazi hata moja. Watakishikilia mpaka tarehe kumi na tano Mei. Nikija nataka uhamie nikiwapo.

Usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Mpwa wako,
Rhona


St Leonard's, Edinburgh
2 Desemba 1993

Mpwa wangu Rhona,

Mimi mzima. Jiko zima. Paka wa Bi Purves naye mzima, kwa bahati mbaya. Mwambie Gordon kwamba theluji haiumizi mgongo, kochi ndilo linaloumiza. Kirsty mpe hongera, na umkumbushe breki ni ile ya katikati.

Nimemaliza kusoma, kisha nikakasirika, kama ulivyoagiza.

Sasa mji. Shika kalamu.

Ngome usiingie. Wewe simama bustanini chini yake, saa saba kasoro dakika moja mchana, mgongo uipe ngome, macho uwape wageni. Mzinga wa saa saba ukilia utaona wanaume wazima wakijificha nyuma ya wake zao. Sisi wenyeji tunatazama saa tu, tunaendelea na maisha. Nimewahi kuona bwana mmoja akimwaga aiskrimu yote ndani ya kofia ya mtawa, na mtawa akasema neno ambalo sikujua wanafundishwa. Jumapili mzinga haulii, usije ukasimama pale ukadhani umekuwa kiziwi.

Ukitoka hapo panda mpaka High Street, mbele ya kanisa la St Giles. Chini barabarani kuna mawe yaliyopangwa kama moyo. Tema mate juu yake. Watakwambia watu hutema kutafuta bahati. Waache. Pale palikuwa na jela, na watu wa mji huu walitema kuonyesha wanavyoidharau. Tema vizuri, mate ya kutoka kooni, si yale yenu ya Kanada ya kuomba samahani. Hapo ndipo utakapoelewa tunavyoziona nyumba ambazo mtu huingizwa na watu wengine.

Ukishikwa na njaa, nunua chipsi. Muuzaji atakuuliza, "Chumvi na sosi?" Sema ndiyo. Ukitaka siki tupu atajua umetoka Glasgow, na sitakuja kukutetea.

Whinbank nimeipita kwa basi. Wamepanga wazee dirishani kama chupa tupu za maziwa zinazongoja kuchukuliwa. Bustani ni nzuri. Hakukuwa na mtu ndani yake.

Kuhusu kadi sina la kusema. Kazi ya kadi ni kuning'inia.

Mjomba wako,
Walter Geddes, ghorofa ya nne


Hamilton
10 Januari 1994

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Natumai hukukosa mtu wa kuvuka kizingiti chako kwanza usiku ule akuletee bahati ya mwaka, tena mwenye nywele nyeusi kama unavyotaka. Sisi tulikula mpaka tukaugua. Kirsty amegonga sanduku la barua la jirani. Breki hiyo hiyo ya katikati.

Barua yako niliisoma mezani, Gordon akapaliwa na chai. Lakini kicheko kilipokwisha niliisoma tena, nikaona hukujibu nilichokuuliza. Wiki tatu ulikuwa wapi? Bi Purves anasema aligonga mara mbili, kimya. Uliporudi ulimwambia ulikuwa Dunbar kwa rafiki. Mjomba, huna rafiki Dunbar. Uligombana na Dunbar yote mwaka 1958.

Tena mwandiko wako. Zamani herufi zako zilisimama wima kama askari. Sasa zimelala kama ua lililopigwa na upepo. Je, ulianguka? Nijibu ndiyo au hapana, sitaki habari za mtawa.

Chumba bado kipo.

Rhona


St Leonard's
21 Machi 1994

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Kalamu ilipotea, halafu ikaonekana, halafu karatasi ikapotea. Afya njema. Huku mvua imenyesha siku kumi na tisa mfululizo, tumeacha kuita mvua, tunaita Machi. Aliyevuka kizingiti changu kwanza ni mwanafunzi wa mlango wa pili, nywele nyeusi kweli lakini za dukani, kwa hiyo sijui mwaka huu utahesabiwaje.

Umeuliza ndiyo au hapana. Swali gumu hilo kwa mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne. Tuendelee na mji.

Kilima cha Calton: nguzo kumi na mbili kubwa juu ya kilima, walianza kujenga, wakashindwa, wakaziacha zimesimama hivyo hivyo, na leo watu wanatoka nchi za mbali kupiga picha kushindwa kwetu. Nenda ukazione. Hakuna aliyezihamishia mahali pa chini pasipo na ngazi.

Vichochoro vya High Street: ingia chochote, vyote vinapanda au kushuka. Ukikiona kilicho tambarare, rudi, umepotea.

Lakini la kuona hasa ni Kiti cha Arthur, kilima kilicho nje ya dirisha langu. Tarehe moja Mei, jua likichomoza, wanawake wa mji huu hupanda kunawa uso kwa umande. Wanasema unaleta uzuri. Mama yako Effie alipanda kila mwaka tangu akiwa na miaka sita mpaka mwaka aliokuchukua mkaondoka, na mimi ndiye niliyempeleka, hata nilipokuwa nimebeba makaa kutwa. Uzuri sikuuona, lakini alishuka anacheka.

Basi tufanye mkataba. Tarehe moja Mei, alfajiri, tukutane kileleni. Wewe panda upande wa Holyrood, njia ya mawe, ndiyo yenye mandhari. Mimi nitapanda kwa njia yangu. Jua likichomoza nisiwepo, nitaingia kwenye teksi ya Whinbank mwenyewe, na mkoba nitabeba mwenyewe. Nikiwepo, jina la nyumba ile usilitaje tena mbele yangu wala mbele ya Bi Purves.

Ama unaogopa mlima?

Wattie


Hamilton
6 Aprili 1994

Mjomba,

Tiketi ninayo. Kirsty atabaki na baba yake, gari litabaki na fundi. Mkataba nimeukubali, na Gordon ni shahidi.

Ila kabla sijapanda ndege, kuna jambo nililokuficha, na sitaki kukutazama usoni nikiwa nalo.

Nilikuandikia kwamba mama alikufa kwa moyo. Si kweli. Alianguka kwenye ngazi ya kushukia chumba cha chini ya nyumba yake, Jumanne. Nilimkuta Alhamisi. Daktari alisema hakufa palepale. Mimi naishi dakika kumi kutoka kwake, na zile siku mbili nilikuwa nyumbani nafua mapazia.

Kwa hiyo ukinifanyia mzaha kuhusu ngazi, mimi nacheka, lakini elewa ninachokisikia.

Rhona


St Leonard's
12 Aprili 1994

Rhona,

Nimeisoma. Nimeisoma tena dirishani.

Mapazia hayana kosa, wala wewe.

Umande wa mwaka huu utakuwa mwingi. Lete viatu visivyoteleza.

Wattie


Hamilton
20 Mei 1994

Mjomba,

Nimefika salama. Gordon mzima, Kirsty mzima, sanduku la jirani ni jipya.

Nimeona kila ulichoniambia nione. Nilisimama na mgongo kwa ngome na mzinga ulipolia niliruka mimi, si wageni. Moyo wa mawe niliutemea mate mbele ya mapadri wawili. Chipsi nilikula kwa sosi. Na tarehe moja Mei nilipanda njia yako ya mawe gizani, nikihema kama punda, huku najiambia, masikini mjomba, yuko mahali fulani chini ameketi kwenye jiwe, nitamchukuaje. Nikafika kileleni, nikakukuta umekaa, uso umelowa, mkongojo mapajani. Ukasema, "Umechelewa. Mzuri nimekuwa mimi."

Nililia, nawe ulijifanya huoni. Siku kumi na tatu zilizofuata sikutaja Whinbank hata mara moja.

Halafu nikapanda teksi kwenda uwanja wa ndege. Dereva akanitazama kwenye kioo. "Wewe ndiye mpwa wa Wattie?"

"Ndimi."

"Haijambo nyonga yake? Maana siku ile tulimshusha Dunsapie saa kumi alfajiri, tukamsukuma mimi na shemeji yangu mpaka juu."

Dunsapie, mjomba. Barabara ya lami inayofika nusu ya kilima, na hukunitajia. Nilipigia Whinbank simu palepale uwanjani. Wamekubali kushikilia chumba mpaka mwisho wa Juni.

Na nyonga ipi? Na siku ile niliporudi kutoka sokoni, ngazi yote ilikuwa imelowa tangu juu mpaka chini, na suruali yako imelowa makalio tu. Uliniambia umekalia kiti chenye maji. Nimechoka kufanywa mgeni. Safari hii niambie kweli, au Juni thelathini narudi, na sitakuja kutalii.

Rhona


St Leonard's
4 Juni 1994

Mpwa wangu Rhona,

Salamu zote zimefika, na paka wa Bi Purves anakusalimu, amekula sandali uliyoisahau.

Umenikamata. Ila kwamba nilidanganya, hilo silikubali. Usome mkataba: niliandika nitapanda kwa njia yangu. Njia yangu ina teksi. Mwenyeji asiyejua Dunsapie si mwenyeji, na huo ndio ushauri ambao ningekupa kwanza kuhusu mji wowote, kwamba wageni ndio huingilia mbele. Tena Tam, huyo dereva wako wa teksi, ameongeza chumvi. Alinisukuma yeye peke yake, shemeji alibeba chupa ya chai. Kutoka pale mtu mzima hutumia dakika ishirini. Mimi saa moja na robo, na kipande kimoja nilitambaa. Tam akasema, "Mzee, turudi." Nikamwambia, "Rudi wewe, una watoto." Kwa hiyo uso uliouona umelowa, si umande wote. Mengine ni jasho, na sioni aibu.

Sasa nyonga. Oktoba tarehe sita ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimefika karibu na mlango wa Bi Purves na brashi, sabuni ikiwa nyingi kuliko akili. Nikateleza, nikaenda chini. Mkono wa kulia ukavunjika na nyonga ikapata ufa. Bi Purves alikuwa kwa dada yake Perth. Nililala pale nusu saa nikitazama dari ambayo kwa miaka arobaini sikuwahi kuitazama. Ina doa lenye umbo la Ireland. Kisha nikateremka kwa makalio kidato kwa kidato mpaka mtaani, nikasimamisha teksi, na ndivyo nilivyojuana na Tam. Wiki tatu hospitali. Muuguzi akaniuliza, "Ndugu wa karibu ni nani?" Nikasema, "Nina kilima." Hakuandika. Ningekutaja wewe, lakini nilijua ungekuja na mkoba mtupu wa kuniwekea nguo.

Kadi ilikaa mlangoni kwa sababu zamu haikwisha. Sijawahi kumpitishia jirani kadi kazi ikiwa nusu. Niliporudi nilimaliza, kwa mkono wa kushoto, na barua zako nikaziandika kwa huo huo.

Tangu hapo naosha hivi: naanza juu kabisa. Nakaa kwenye kidato, ndoo ubavuni, nakisugua kilicho nyuma yangu, maji yananitiririkia, nateremka kimoja. Vidato sabini na viwili. Saa mbili na nusu. Watu wanapita, wananiruka. Mwanafunzi wa mlango wa pili ananiuliza, "Mzee Wattie, unafanya nini hapo chini?" Namjibu, "Natalii." Na si uongo. Ghorofa ya pili kuna dirisha dogo, ukikaa kwenye kidato cha thelathini na tatu unakiona kilima chote, na ukisimama hukioni. Miaka yote ile nilipita pale na gunia mgongoni nikitazama vidole vya miguu. Nimekuja kukiona juzi, kwa sababu ya makalio.

Umeniambia kweli yako, nami nakwambia yangu. Effie alilala siku mbili, mimi nusu saa, na hata hiyo nusu saa ilikuwa kwa sababu watu walikuwa kazini. Tofauti yetu haikuwa miguu. Mimi nimeanguka katika ngazi ya milango minane. Yeye alianguka katika nyumba nzima yake peke yake, yenye bustani. Ukinipeleka Whinbank utaniondolea ngazi, na utaniondolea milango minane pamoja nayo.

Siendi. Njoo na teksi, njoo na polisi, njoo na Kirsty na gari lake. Mtanikuta kwenye kidato, na mtanisubiri nimalize.

Mjomba wako mbishi,
Wattie


Hamilton
25 Juni 1994

Mjomba,

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Gordon aliniuliza nalia au nacheka, nikamwambia atoke.

Jana niliwapigia Whinbank. Chumba amepewa mwingine.

Usishangilie bado, nina sharti moja na hili hulizungukii kwa teksi. Nimemwandikia Bi Purves na amekubali. Kadi ya zamu haitasubiri tena zamu. Kila asubuhi, kabla ya saa tatu, utaitundika kwenye kitasa chake. Kila jioni atairudisha kwenye chako. Siku kadi ikikaa mahali pamoja, atapiga kelele milango yote minane isikie, na mwanafunzi avunje mlango wako. Nusu saa naikubali, mjomba. Siku mbili sizikubali tena maishani mwangu.

Mwaka mmoja wa hivyo, kisha tutaongea.

Rhona


St Leonard's
17 Julai 1994

Mpwa wangu,

Wote huku wazima, na kwa mara ya kwanza nina uhakika, maana nahesabiwa mara mbili kwa siku.

Nililikataa sharti lako siku tatu. Siku ya nne nililikubali, kwa masharti yangu: ukaguzi uwe wa pande zote. Bi Purves naye ana miaka sabini na sita, na yeye ndiye anayekunywa kidogo kabla ya chakula. Alipolisikia hili aliniita jina ambalo mtawa wa aiskrimu angelikubali. Ila jioni kadi ilikuwa kwenye kitasa changu.

Wiki iliyopita nilichelewa makusudi, nione mitambo inafanya kazi. Saa tatu na dakika mbili nikasikia slipa zinapanda, milango inafunguliwa, mwanafunzi anauliza, "Nivunje sasa?" Nikafungua. Chai ilikuwa tayari mezani, vikombe vinne. Bi Purves akasimama pale amenitolea macho. "Walter Geddes, siku utakayokufa kweli sitapanda."

"Utapanda," nikamwambia. "Hutaki kukosa."

Wakaketi wakanywa. Ukimtoa mwanafunzi usiku ule wa mwaka mpya, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia kwangu, miaka yote hiyo. Bi Purves alikaa dirishani, akasema hakujua kilima kinaonekana vizuri hivi kutoka juu. Hata paka alikuja, nikamvumilia.

Sasa umeuliza tangu mwanzo mtu akija Edinburgh aone nini, nami nimekupa ngome, moyo, nguzo na umande. Nilikupa vya wageni. Kilichobaki ni kimoja, ngazi hii, hakimo katika kitabu chochote, na watu wanane tu ndio wanaoruhusiwa. Brashi ya pili nimeshanunua. Ndoo tutatumia moja. Ukifika kidato cha thelathini na tatu, kaa.

Kadi ya zamani ilikuwa imechakaa, kwa hiyo nimekata mpya kwenye katoni ya unga wa uji, Bi Purves akaiandikia kwa mwandiko wake wa kanisani. Ya zamani ndiyo hii niliyokutilia ndani ya bahasha, ile ile iliyoning'inia mlangoni kwangu wiki tatu. Itundike kwenye kitasa chako huko Hamilton, Kirsty na Gordon waione, wasiiguse mpaka utakapoirudisha kwa mkono wako. Maandishi yamefifia, lakini bado yanasomeka: NI ZAMU YAKO.

Mjomba wako,
Walter Geddes, ghorofa ya nne bado